Je, wajua kwa nini kila mechi ina bia yake?

Keti baa yoyote ya Dar au Nairobi, na swali la kwanza la mhudumu ni hili: "Ya baridi au ya moto?" Moto hapo si wa jikoni. Ni chupa iliyotoka kwenye kreti bila kupita kwenye friji. Mbrazil akilisikia swali hilo hudhani anataniwa, maana kwao bia hunywewa ikiwa imekaribia kuganda. Mwingereza wa makamo hashangai hata kidogo. Ale yake ya pipa, yaani bia ya jadi ya kwao, hutoka chumba cha chini ya baa ikiwa na nyuzijoto 12 hivi, na akipewa iliyo baridi zaidi ya hapo hulalamika kwamba ladha imekufa.

Kuna mchezo wanaoucheza wapenzi wa soka kila Kombe la Dunia likifika: mechi moja, bia mbili, moja ya kila nchi iliyo uwanjani. Ukiucheza kwa makini unaanza kujiuliza. Viungo ni vilevile vinne, yaani maji, kimea cha shayiri, maua ya hopsi yanayotia uchungu, na hamira. Imekuwaje basi bia ya Dublin iwe nyeusi kama kahawa, na ya Plzeň iwe ya dhahabu? Watu husema ni utamaduni. Mimi nasema tazama kwanza kisima.

Chukua England na Jamhuri ya Ireland, Stuttgart, Juni 12, 1988, mashindano ya Euro. Ray Houghton alifunga kwa kichwa dakika ya 6, na Ireland ikalilinda bao hilo hadi filimbi ya mwisho. Upande wa England weka mezani ale ya Burton, mji ulio kando ya mto Trent. Maji ya visima vyake yamepita kwenye miamba ya jasi, na chumvi za jasi hufanya uchungu wa hopsi usikike mkavu na safi mdomoni. Bia hiyo ilisifika kiasi kwamba watengenezaji wa miji mingine walianza kutia jasi kwenye maji yao ili waigize Burton. Upande wa Ireland, bila shaka, Guinness. Arthur Guinness alipanga kiwanda chake cha Dublin mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000, kodi pauni 45 kwa mwaka. Maji ya eneo hilo yana chokaa nyingi, na chokaa huharibu bia nyeupe. Lakini nafaka iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi ina ukali wa asidi, na asidi huisawazisha chokaa. Kwa hiyo weusi ule hawakuuchagua kwa urembo tu. Maji yenyewe yaliuomba.

Sasa njoo Belgrade, 1976, fainali ya Euro kati ya Chekoslovakia na Ujerumani Magharibi. Sare 2-2, penalti. Uli Hoeness wa Ujerumani anapaisha juu ya mwamba. Antonín Panenka wa Chekoslovakia anakuja mbio, kipa Sepp Maier anajirusha kushoto, na Panenka anaudokoa mpira taratibu katikati ya goli, kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Hadi leo penalti ya namna hiyo inaitwa kwa jina lake.

Bia ya mechi hiyo ni moja kwa pande zote mbili, na hapo ndipo ninapoipendea. Mwaka 1838 wakazi wa Plzeň, leo ndani ya Jamhuri ya Cheki, walichoshwa na bia mbovu hadi wakamwaga mapipa 36 hadharani. Wakajenga kiwanda kipya na kumwita fundi kutoka Bavaria, Josef Groll. Oktoba 1842 alitoa bia ya dhahabu, angavu, ambayo watu hawakuwa wameizoea. Maji ya Plzeň ni laini mno, karibu hayana chumvi, kwa hiyo kimea cheupe hakikuharibika na hopsi ya Žatec ilionekana ilivyo. Kwa kifupi, maji na hopsi vya Cheki, mkono wa Mjerumani. Bia nyingi unazoziona leo kwenye friji za baa, Afrika Mashariki ikiwamo, ni wajukuu wa pipa lile.

Groll alikuja na ujuzi wa laga, yaani bia ya hamira inayofanya kazi kwenye baridi. Bavaria ilikuwa na amri ya mwaka 1553 iliyokataza kutengeneza bia kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29, kwa sababu bia ya kiangazi iliharibika ovyo. Kazi ikabaki ya majira ya baridi, na hamira isiyostahimili baridi ikashindwa. Iliyoshinda ni chotara: mzazi mmoja ni hamira tunayoijua ya mkate na ale, mwingine hakujulikana kwa miaka mingi. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wamempata porini, katika misitu ya Patagonia, Argentina, kwenye kuvu za rangi ya chungwa zinazoota juu ya miti kama mipira midogo. Baadaye akapatikana Tibet pia, na huyo wa Tibet ndiye mwenye undugu wa karibu zaidi na laga. Hata hivyo mimi, Ujerumani ikikutana na Argentina kama ilivyokuwa fainali za 1986, 1990 na 2014, simimini kitu kingine ila laga.

Ubelgiji nitaipitia haraka. Karibu na Brussels wapo wanaoiacha bia wazi usiku ili hamira ya hewani iingie yenyewe, na inatoka chachu kama ndimu. Nyingine za huko hufika asilimia 9 ya kilevi. Ukizinywa kwa kasi ya bia ya kawaida, kipindi cha pili utasimuliwa.

Na Kenya na Tanzania? Cairo, Juni 27, 2019, AFCON. Msuva na Samatta walifunga, Tanzania ikaongoza mara mbili, halafu Olunga wa Kenya akamaliza kazi, 3-2. Ukiweka Tusker kushoto na Kilimanjaro kulia umeweka laga mbili za ukoo wa Plzeň, kwa hiyo ubishi utabaki uwanjani tu. Kwangu mimi anayestahili kiti hapo ni mbege ya Wachaga: ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi, na gamba la mti wa msesewe kwa uchungu. Msesewe ndio hopsi ya Kilimanjaro. Tatizo ni kwamba mbege haitulii. Inaendelea kuchacha ndani ya chombo, na baada ya siku chache imekuwa kali kupita kiasi. Cairo isingefika. Anayeitaka na mechi yake inabidi apande Marangu au Machame, atafute kilabu chenye televisheni, na apokee kata kwa mikono miwili.