Elektroni ya 19 ya potasiamu na nafasi kumi zilizo wazi

Kila ninapofundisha mpangilio wa elektroni, hatokosekana mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, ulisema ngazi ya tatu inabeba elektroni 18. Mbona potasiamu, yenye elektroni 19, tunaiandika 2.8.8.1, yaani nane tu kwenye ngazi ya tatu na moja kwenye ya nne?" Swali hilo hunifurahisha sana, maana muulizaji ameacha kukariri, ameanza kuhesabu.

Na hesabu yake ni sahihi. Ngazi ya tatu ina ngazi ndogo tatu: 3s yenye nafasi mbili, 3p sita na 3d kumi. Elektroni 18 za potasiamu zinaishia 3p, sawasawa na za argoni. Ya 19 ina 3d nzima mbele yake, tupu, lakini makazi yake ni 4s, ngazi ndogo ya kwanza ya ngazi ya nne.

Sababu ni umbo la wingu la elektroni. Elektroni ya 4s kwa kawaida hukaa mbali na kiini, ila sehemu ndogo ya wingu lake hupenya hadi ndani kabisa, na huko protoni 19 huivuta karibu bila kizuizi. Wingu la 3d halipenyi hivyo. Elektroni 18 za ndani hulikinga, na mvuto unaolifikia ni kama wa protoni moja tu. Mwanga wa potasiamu unaonyesha hivyo: kuing'oa elektroni iliyo 4s kunahitaji elektrovolti (kipimo cha nishati) 4.34, ikiwa imepandishwa 3d, 1.67 zinatosha. Elektroni ya haidrojeni, yenye protoni moja tu, ikiwa ngazi ya tatu huhitaji 1.51. Tazama zilivyokaribiana!

Lakini usikariri kwamba 4s iko chini ya 3d kwa nishati siku zote. Kuanzia skandiamu, yenye protoni 21, 3d imevutwa ndani na kushuka chini ya 4s. Ndiyo maana chuma, chenye sita kwenye 3d na mbili kwenye 4s, kikipoteza elektroni mbili huzitoa za 4s. Wengi hukosea hapa kwenye mtihani, na naona neno "kujaza" ndilo linalowaponza: hakuna anayemimina elektroni moja moja ndani ya atomu. Linaloamua ni jumla ya nishati ya atomu nzima. Nafasi za 3d ni finyu, elektroni zikibanana humo husukumana kwa nguvu, hivyo kwa chuma ni nafuu mbili zibaki 4s. Kwenye shaba, yenye protoni 29, mvuto umezidi: 3d ina kumi kamili, na 4s imebaki na moja.