Kamati ya Shule Inapoanza Kuuliza Watoto Wanajifunza Nini

Kazi yangu ni kukaa na kamati za shule za msingi wakati zinapoandaa mpango wa maendeleo wa shule. Wajumbe huwa ni wazazi, walezi, walimu, na wakazi wa jirani ambao pengine hawana mtoto hapo ila wanaijali shule yao. Nikikabidhiwa faili la mihutasari ya vikao vilivyopita, kitu cha kwanza ninachotafuta ni wapi wamezungumzia kusoma. Uzio nitaukuta. Madawati, vyoo, rangi, michango, mahafali, vyote vimo. Kusoma kwa watoto wa darasa la pili aghalabu hakumo.

Vyoo na madawati vina uzito wake, na mtoto anayeketi sakafuni hawezi kuandika vizuri. Lakini naona jinsi majengo yanavyomeza kikao kizima, na sababu zake zinaeleweka. Mzazi anajiona hakusomea ualimu, kwa hiyo anaogopa kuuliza lolote la darasani. Mwalimu mkuu naye ana mengi ya kubeba, na hesabu ya mifuko ya saruji haimweki roho juu kama matokeo ya hisabati. Basi kila upande unalikwepa darasa kwa kuheshimiana, na anayeumia ni mtoto. Mimi naamini kwa dhati kwamba kamati isiyouliza watoto wanajifunza nini bado haijaanza kazi yake.

Mwaka 1988 jimbo la Illinois nchini Marekani lilipitisha sheria iliyozipa shule za umma za jiji la Chicago mabaraza yao. Katika shule ya msingi, baraza lilikuwa na wazazi 6, wakazi 2 wa eneo hilo, walimu 2 na mwalimu mkuu. Wazazi peke yao walikuwa wengi kuliko wajumbe wengine wote wakijumlishwa, na walipewa meno: kumchagua mwalimu mkuu, kuidhinisha mpango wa kuboresha shule, na kupitisha bajeti. Mtafiti Anthony Bryk na wenzake walizifuatilia shule za msingi za jiji hilo katika miaka ya 1990. Sheria ilikuwa moja, lakini baadhi ya shule zilipanda sana na nyingine zikabaki palepale. Walichokiona ni mambo 5 yanayoshikana: uongozi, uhusiano wa shule na wazazi na jamii, uwezo wa walimu, mazingira salama yanayomjali mtoto, na mwongozo mzuri wa ufundishaji. Shule zilizokuwa imara katika mengi ya hayo zilikuwa na uwezekano wa kupiga hatua kubwa mara 10 zaidi ya zile dhaifu. Mimi hapo huwaambia wajumbe kwamba mchango wao unahesabika pale unapogusa yale mengine manne. Ukikaa pembeni kama shughuli ya kuchangisha fedha tu, haufiki kwa mtoto.

Sasa mzazi asiye mwalimu anaingiaje darasani bila kumwingilia mwalimu? Mlango mwepesi ni mahudhurio.

Katika kikao kimoja nilichohudhuria, mwalimu mkuu aliripoti kwamba mahudhurio ya darasa la pili yalikuwa asilimia 93. Wajumbe wakapiga makofi, na mwenyekiti akataka kuendelea na ajenda inayofuata. Bibi mmoja anayelea wajukuu akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hao saba katika mia ni watoto walewale, au kila siku ni wengine?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Daftari la mahudhurio likaletwa, mwalimu mkuu akawa anahesabu alama za kila mstari bila kutaja jina la mtoto, na katibu anaandika ubaoni.

Hebu tuone kwa nini swali lile lilikuwa zito. Chukua darasa la mfano lenye watoto 40 na mwezi wenye siku 20 za masomo. Hizo ni nafasi 800 za kuhudhuria. Asilimia 93 maana yake nafasi 56 zimekosekana. Zikigawanyika kwa wote, kila mtoto amekosa siku moja au mbili, mafua yamepita, hakuna cha kutisha. Lakini zikiwa zimewaangukia zaidi watoto 10, kila mmoja akikosa siku 5, hao wamepoteza robo ya mwezi, na wale 30 waliobaki wanagawana siku 6 tu. Asilimia ni ileile, lakini hali za watoto hao zimeachana kabisa. Marekani wana kipimo kinachosaidia hapa: mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo kwa sababu yoyote ile, hata ugonjwa, anahesabiwa kuwa hatarini. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, yaani kama 2 kwa mwezi. Kwa mzazi siku mbili hazionekani kuwa kitu. Kwa mtoto anayejifunza kuunganisha silabi, ni nyingi.

Ubaoni pale ikaonekana wazi kwamba mistari michache ndiyo iliyobeba alama nyingi. Mwalimu wa darasa akasema wengi wa watoto hao wanatoka upande mmoja, na wajumbe wawili wanaoishi huko wakajua sababu papo hapo: wazazi wa upande ule huondoka alfajiri kwenda kazini, na watoto wadogo hawana wa kuwavusha barabara kubwa. Wale wajumbe wakajitolea kuwasindikiza kwa zamu na watu wazima wengine wa mtaa wao. Mwalimu asingeweza kulijua hilo akiwa darasani, na mzazi asingejua kwamba siku zinazopotea ni nyingi kiasi kile. Taarifa mbili zilikutana kwenye meza moja, na ndiyo maana kamati ipo.

Kuhusu majina nina msimamo mkali. Kamati hupewa idadi, majina hubaki kwa mwalimu. Vivyo hivyo kwa walimu: mjumbe mwenye malalamiko juu ya mwalimu fulani ampelekee mwalimu mkuu faraghani, si mbele ya kikao. Kikao kikishageuka mahakama, walimu huacha kusema ukweli, na bila ukweli wao kamati inabaki kupitisha makaratasi.

Mlango wa pili ni kusoma kwenyewe. India, tathmini ya ASER iliyoanza mwaka 2005 chini ya taasisi ya Pratham ilionyesha kwamba mtu mzima wa kawaida, akielekezwa vizuri, anaweza kumpima mtoto kwa dakika chache: anampa ukurasa wenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi, anamsikiliza, anaandika mtoto ameishia wapi. Mradi wa tathmini uitwao Uwezo ukaichukua njia hiyo Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia 2009. Napenda sana kipimo hiki kwa sababu kila mjumbe anaelewa matokeo yake. Ukisema wastani wa darasa ni 54, watu hutazamana. Ukisema watoto 22 wa darasa la pili bado wanasoma herufi mojamoja na hawawezi neno zima, chumba kinanyamaza, kisha maswali yanaanza kumiminika.

Lakini taarifa peke yake haitoshi. Hukohuko India, watafiti waliofanya kazi katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, walikuta wazazi wengi hawajui hata kama kamati ya elimu ya kijiji ipo. Mikutano ya kuwaeleza wanakijiji haki zao na hali ya shule haikuzifanya kamati zichangamke. Kilicholeta mabadiliko ni vijana wa kujitolea waliofundishwa mbinu rahisi na kuendesha madarasa ya kusoma nje ya saa za shule. Watoto waliohudhuria walisonga mbele. Jamii inajitokeza ikipewa kazi yenye mwanzo na mwisho. Kwa hiyo baada ya kuonyesha idadi, mwenyekiti awe na jambo mkononi: nani anaweza kuja kuwasikiliza watoto wakisoma mara mbili kwa wiki?

Mpango wenyewe uwe mfupi. Nimeona mipango yenye malengo kumi na tano, na mjumbe ukimwamsha usiku hakutajii hata moja. Malengo mawili au matatu yanatosha kwa mwaka. "Kuinua kiwango cha taaluma" halipimiki, kwa hiyo liandikwe hivi: watoto wa darasa la pili wasioweza kusoma neno zima wapungue kutoka 22 hadi 8 kufikia mwisho wa mwaka. Chini yake ziandikwe hatua, mhusika wa kila hatua, gharama, na tarehe ambayo kamati itaangalia tena. Hiyo tarehe ya katikati ya mwaka ndiyo inayosahaulika zaidi, nami huisisitiza kuliko kitu kingine chochote. Mpango unaofunguliwa Desemba hauna mtoto unayeweza kumsaidia mwaka huo.

Fedha sitazisemea sana. Zibandikwe ubaoni, mapato na matumizi, mahali mzazi anapopita. Uganda, uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilikuwa zikipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa mahitaji ya wanafunzi. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini fedha zinazotumwa na kuzitaka shule zibandike walichopokea, hali ilibadilika sana, na kufikia 2001 sehemu kubwa ya ruzuku ilikuwa ikifika. Kulikuwa na mageuzi mengine pia wakati huo, lakini mzazi anayejua kiasi kilichotumwa anaweza kuuliza kilichofika.

Jambo ambalo kamati nyingi hazilipi uzito ni uhusiano na wenye mamlaka. Huko Indonesia, utafiti wa shule za Java ya Kati na Yogyakarta ulijaribu njia kadhaa za kuziimarisha kamati. Ruzuku na mafunzo kwa wajumbe vilisaidia kidogo sana katika masomo ya watoto. Kilichoinua alama za lugha ni kuzikutanisha kamati na baraza la kijiji wapange pamoja, na zaidi pale wajumbe walipokuwa wamechaguliwa na jamii yenyewe. Ndiyo maana huwashauri wenyeviti wamwalike kiongozi wa eneo mapema, mpango ukiwa bado rasimu, ili aondoke na ahadi iliyoandikwa kwenye muhtasari.

Muda wa wajumbe ukiisha, kumbukumbu nyingi huondoka nao. Kamati inayomaliza iache ukurasa mmoja: malengo na idadi zilipofikia, lililojaribiwa na likashindikana, na ahadi ambazo bado hazijatimizwa pamoja na wadhifa wa aliyezitoa. Ukurasa huo usomwe kwenye kikao cha kwanza cha kamati mpya, kabla hata ya kumchagua mwenyekiti.