Gran Turismo haikuanzisha gemu za mbio zenye uhalisia

Kaa kwenye kibanda chochote cha gemu pale Majengo, Dodoma, utasikia vijana wakiapa kwamba gemu za mbio za magari zenye uhalisia zilianza na Gran Turismo. Si kweli, na wanaonyimwa haki ni watu waliotangulia.

Gran Turismo ilitoka Japani mwaka 1997, kazi ya Kazunori Yamauchi na timu yake. Sifa yake kubwa ni magari ya kawaida: hata Mazda Demio, kama hizi zinazopita mjini kwetu kila siku, ilikuwamo.

Lakini kampuni ya gemu ya Atari walishatoa Gran Trak 10, gemu ya mbio ya kwenye mashine za kumbi za michezo, mwaka 1974. Mashine nzima ilikuwa na usukani, gia na pedeli, na haikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) hata moja. Kila kitu kiliendeshwa na saketi za kawaida. Mwaka 1982 kampuni ya Namco ya Japani wakaleta Pole Position, ambapo lazima ukimbize muda kwanza ndipo upate nafasi ya kuanzia.

Ninayoiheshimu kuliko zote ni Indianapolis 500: The Simulation ya kampuni ya Papyrus, 1989, inayoiga mbio za Indianapolis 500 za Marekani. Kwenye kompyuta za wakati ule, ulirekebisha presha ya matairi, bawa la gari (linaloligandamiza barabarani) na kiasi cha mafuta, kisha ukaona gari likibadilika tabia kwenye kona. Ukitaka, ulikimbia mizunguko yote 200 ya mbio hizo. Huo ni uhalisia, miaka minane kabla ya Gran Turismo. Dave Kaemmer, mwasisi mwenza wa Papyrus, baadaye alishiriki kuanzisha iRacing, gemu ya mbio ya mtandaoni ambayo madereva wa mbio halisi huitumia kufanyia mazoezi.