"Mashallah, mato haya!": presha ya macho kwa watoto

Kibokoni, mtoto akipakatwa barazani, sifa huanzia machoni, na hakuna anayetaka kusikia kwamba macho makubwa yaweza kuwa maradhi. Yaweza. Jicho la mtoto mchanga bado ni laini: maji ya ndani yakikosa njia ya kutokea, presha hupanda na jicho lenyewe hutanuka. Konea, kile kioo cha mbele, huwa na upana wa milimita 10 hivi mtoto anapozaliwa. Ikizidi 12 kabla ya mwaka, apimwe. Jicho moja likilizidi jingine, asingojewe.

Husemwa presha ya macho ni ya wazee. Aghalabu ndivyo. Ile ya kuzaliwa nayo ni nadra: nchi za Magharibi, mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 20,000. Saudia, hata hivyo, imehesabiwa 1 kati ya 2,500, na sababu kubwa inatugusa sisi tunaooana mabinamu: mara nyingi mtoto hurithi jeni mbovu (chembe ya urithi) kwa baba na kwa mama, ilhali macho yao wenyewe ni mazima. Kwa hivyo "kwetu hakuna kipofu" si kinga. (Harusini jambo hili halitajwi, wala sitarajii litajwe.)

Machozi nayo hupuuzwa: "Mfereji umeziba, utafunguka." Mara nyingi hufunguka kweli. Lakini mtoto anayefumba macho kila atolewapo uani kwenye mwanga, akaficha uso begani kwa mamake, apelekwe kwa daktari wa macho. Wanja na maziwa ya mama havishushi presha. Na weupe wa konea si mtoto wa jicho, hata jirani akiapa.

Tiba kwa kawaida ni upasuaji, matone yakisaidia. Wazazi wengi hudhani akishapasuliwa kapona. Presha huweza kurudi baada ya miaka, kupimwa ni kwa maisha, na neva ya jicho ikishauliwa na presha haifufuki. Wengi huhitaji miwani. Wengine huzibwa jicho zuri kwa saa kadhaa ili lile dhaifu lifanye kazi. Wanaowahiwa, wengi hukua wakiona.

Ipo pia presha inayonunuliwa dukani. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, hutuliza upesi mno macho yanayowasha, basi chupa ikiisha hununuliwa nyingine bila daktari. Yakitumiwa muda mrefu huweza kupandisha presha, na mtoto hatalalamika. Isomeni chupa iliyoko kabatini.