Ukipewa Mwongozo wa Sauti Makumbusho, Usiukatae

Wageni wengi wa makumbusho tukiwapa pale mlangoni kifaa cha mwongozo wa sauti, kile kinachokusimulia sikioni habari za kila kitu unachokitazama, hujibu, "Asante, nitasoma mwenyewe." Wapo wanaodhani watatozwa zaidi, wapo wanaoona haya kutembea na spika za masikioni mbele za watu. Nakuomba safari hii ukichukue.

Ukisoma kibao cha maelezo kando ya ngoma, tuseme, macho yako yako kwenye kibao. Wengi humaliza maelezo yote, kisha ngoma yenyewe wakaitupia jicho na kupita. Anayesikiliza husimama, macho yakifuata anakoelekezwa: kamba zilizokaza ngozi, ubao uliolainishwa na mikono ya wapigaji.

Tena sisi wa Kanda ya Ziwa, urithi wetu mwingi ni wa kusikika. Nenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini, uone vifaa vya Bagika na Bagalu. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na upande uliovuta watu wengi ndio mshindi. Kibao kitakueleza hayo, lakini wimbo uliowahamisha watu upande kitakuimbiaje?

Katika maonyesho madogo tuliyoandaa jijini, alikuja mama mtu mzima na mjukuu wake, miwani ameisahau nyumbani. Tulikuwa na simulizi ya Kisukuma tuliyoirekodi kwa simu ya kawaida. Nikamwambia, "Shikamoo mama, hebu sikiliza hii." Akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Mara akaanza kuitikia wimbo, ukumbi mzima ukageuka. Alipomaliza akamwambia mjukuu, "Babu yako alikuwa wa Bagalu." Kijana hakuwahi kuambiwa.

Ukiwa na kifaa, usijilazimishe kusikiliza rekodi zote. Chagua vitu sita au saba, ukae navyo. Miongozo ya kwanza, katika jumba la makumbusho la Stedelijk mjini Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1952, ilirushwa kwa mawimbi ya redio, hivyo wageni wote walisikia jambo moja kwa wakati mmoja na kusogea pamoja. Leo unasimamisha, unarudia, unaruka. Ukiwa na watoto, acha sikio moja wazi ili mzungumze. Kama mwongozo ni wa kupakua kwenye simu, upakue kabla hujatoka nyumbani na simu iwe na chaji. Ukiwa na ndugu asiyeona, uliza kama ipo rekodi inayoeleza umbo na ukubwa wa kila kitu. Na mahali pasipo na kifaa, mwombe mtembeza wageni akusimulie. Huyo unaweza hata kumuuliza swali.

Ukisikia tumekosea kutamka jina la ukoo au kijiji chenu, pita mapokezi utuambie. Kibao husubiri hadi kichapwe upya, ila sauti tunairekodi tena siku hiyohiyo, na ukikubali, wewe ndiye utakayelitamka.