Mti wa mpira na nduguze wa mwituni: dhana potofu na ukweli

Hapa Mombasa, ukitaja mpira wa mwituni, kuna atakayekumbuka mabungo ya Marikiti na kuna atakayekumbuka kisamvu cha mpira, naye atadhani kwamba vyote viwili ni jamaa wa mti unaotoa mpira wa matairi. Nusu ya dhana hiyo ndiyo potofu. Mbungo ni wa jamii nyingine kabisa, ijapokuwa mitambaazi ya aina yake iligemwa utomvu katika pwani hii karne ya 19. Mti wa mashamba ya mpira, Hevea brasiliensis, asili yake ni bonde la Amazon, nao uko katika jamii moja na muhogo na mti wa kisamvu cha mpira.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba, kwa kuwa Asia ina mamilioni ya miti hiyo, basi haikosi nasaba za kila namna. Ukweli ni kwamba mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alipeleka mbegu zipatazo 70,000 kutoka kando ya mto Tapajós hadi bustani ya mimea ya Kew, London, na zilizoota hazikufika 3,000; mwaka uliofuata miche 22 ikapelekwa Singapore. Mashamba mengi ya Asia yametokana na kizazi hicho kidogo, na ufundi wa kubebesha vikonyo, yaani kupachika chipukizi la mti bora kwenye mche mwingine, ukazidi kupunguza tofauti, kwani shamba zima huweza kuwa nakala za mti mmoja. Kuvu wa Pseudocercospora ulei, anayepukutisha majani, alikwisha kuyaangamiza mashamba ya Henry Ford, mtengenezaji wa magari, yaliyoanzishwa Fordlândia, Brazil, mwaka 1928. Huko Asia hajatia mguu, lakini si kwa sababu miti ya huko ina kinga.

Wengine husema kwamba mti wa mwituni hauna faida kwa sababu utomvu wake ni haba. Ni kweli kwamba ni haba, lakini watafiti hawautafuti kwa ajili ya utomvu. Msafara wa kimataifa wa mwaka 1981 ulikusanya mbegu zaidi ya 64,000 katika majimbo ya Acre, Rondônia na Mato Grosso, miche yake ikatunzwa Malaysia na Kodivaa, na watafiti huchunguza humo ustahimilivu wa maradhi, baridi na ukame.

Wala si kweli kwamba kuzalisha mti wa shambani na wa mwituni mara moja kunatosha. Tuangalie muhogo: huko kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, tangu miaka ya 1930, muhogo ulizalishwa na mpira wa kisamvu, Manihot glaziovii, kisha wazao wakazalishwa tena na muhogo kizazi baada ya kizazi ili mizizi iwe ya kulika. Aina ya Kaleso, ambayo Tanzania huitwa Namikonga, ni tunda la kazi hiyo, nayo huhimili michirizi ya kahawia, ugonjwa wa muhogo unaoozesha mizizi. Kwa Hevea subira ni ndefu zaidi, maana mti haugemwi kabla ya miaka mitano hadi saba. Tena kinga iliyotolewa kwa Hevea benthamiana, nduguye wa mwituni, ilivunjwa baadaye na aina mpya za kuvu yuleyule.

Mwisho, wapo wanaodhani kwamba mbegu hizo zinaweza kukaushwa na kuwekwa ghalani kama mahindi. Mbegu ya Hevea ikikauka hufa, na hata isipokaushwa uhai wake ni wa majuma machache. Kwa hiyo ghala lake ni shamba la miti hai, linalohitaji ardhi na wapaliliaji mwaka hadi mwaka, bila kuuza utomvu wa kutosha kulipia hata jembe.