Simu kuandika "ship" si ushahidi kwamba umetamka "ship"

Nimechoka kuonyeshwa vioo vya simu. Ninafundisha Kiingereza cha kuzungumza, darasa la jioni, hapa Mwanza. Wanafunzi wangu wengi ni wahudumu wa hoteli, waongoza watalii na vijana wanaojiandaa kwa usaili. Tangu wagundue ile alama ya maiki kwenye kibodi, hakuna wiki inayopita bila mmoja kuniambia: "Mwalimu, tazama, imeandika vilevile nilivyosema. Matamshi yangu yako sawa." Huenda yako sawa kweli. Ila si simu iliyothibitisha.

Chukua sentensi hii: "The ship leaves for Ukerewe at nine." Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo wengi wetu tunatamka "ship" na "sheep" kwa i ileile moja. Bado simu inaandika "ship". Imejuaje? Imekisia. Mfumo wa utambuzi wa sauti hausikilizi tu. Sauti yako inaleta maneno kadhaa yanayogombea nafasi, kisha modeli ya lugha, iliyolishwa maandishi mengi mno, inaamua lipi linakaa vizuri zaidi na majirani zake. Kinachoondoka saa tatu kwenda kisiwani ni meli. Kondoo hawana ratiba. Umekosea, simu ikakusitiri, nawe ukashangilia.

Sarufi nayo husitiriwa hivyohivyo. Unasema "he go", kioo kinaweza kukuletea "he goes". Whisper, mfumo wa kugeuza sauti kuwa maandishi uliotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022 baada ya kufunzwa kwa saa 680,000 za sauti, mara nyingi huruka vigugumizi na maneno yaliyorudiwa. Kwa anayeandika muhtasari wa kikao hiyo ni neema. Kwa mwanafunzi ni kufichiwa ugonjwa.

Upande wa pili wa dhana hiyohiyo unaniudhi zaidi, kwa sababu unawanyamazisha wenye aibu: simu ikikosea, basi mimi ndiye sijui. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipima mifumo ya utambuzi wa sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani, Wamarekani Weusi walikosewa maneno 35 katika kila 100, na Wamarekani Weupe 19. Hao wote wamezaliwa ndani ya Kiingereza! Sasa wewe wa Magu au Sengerema unajilaumu nini? Na ukitaja Nyamagana au Ilemela katikati ya sentensi ya Kiingereza, ukaandikiwa vituko, usimtafute mwalimu. Kinywa chako hakina kosa hapo.

Simu ina kazi, lakini lazima uinyang'anye majirani wa neno. Sema "Say ship again", kisha "Say sheep again", ukichanganya mpangilio mara kumi hivi. Hapo maneno yanayozunguka hayaisaidii sana kukisia. Ikiandika neno lilelile kila mara, kuna uwezekano mkubwa kwamba irabu zako bado hazijaachana. Fanya hivyo kwa "bad" na "bed", "cat" na "cut". Kanda yetu hii, tunakochanganya r na l, ongeza "rice" (wali) na "lice" (chawa), hasa kama unapokea oda za chakula. Halafu "think" na "sink". Hii huwa inanishangaza, maana sauti ya th tunayo wenyewe. Anayesema thelathini na si selasini ameshaimaliza, anasahau tu kuihamishia kwenye Kiingereza. Kila zoezi jirekodi pia, ujisikilize kando ya sauti ya kamusi. Nasisitiza hili hadi wanafunzi wananicheka, lakini sikio lako ndilo litakalokurekebisha siku simu haipo.

Programu za kupima matamshi ni kitu kingine. Zenyewe hupewa sentensi mapema, kisha hulinganisha kila sauti yako na ile inayotarajiwa, kwa hiyo hazina sababu ya kukisia neno. Ni bora kwa kazi hii. Lakini usizichukulie asilimia zake kama matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani. Fanyia zoezi Kirumba mwaloni katikati ya wachuuzi wa dagaa, kisha ulirudie chumbani, uone alama zinavyocheza.

Wengine wanaamini ni lazima uongee neno... kwa... neno ili simu ielewe. Acheni, tafadhali. Mifumo hii imefunzwa kwa usemi unaotiririka; ukikatakata unaichanganya. Tena unajiharibia mkazo. Sisi mkazo wetu umezoea silabi ya pili kutoka mwisho, wakati "hotel" inautaka mwishoni na "comfortable" mwanzoni kabisa. Anayekata silabi huzipa zote uzito sawa, kisha analalamika kwamba wageni wanamrudisha rudisha.

"Nisikike kama Mmarekani." Nani kakutuma? Ingia kwenye mipangilio ya lugha ya kibodi ya Google, tafuta Kiingereza cha Tanzania, kikiwepo uchague hicho. Mgeni anataka kuelewa bei ya chumba, basi.

"Nikiwa na simu sihitaji mtu wa kuzungumza naye." Kibodi haikukatizi, haikunji uso, haikuulizi "Unamaanisha nini?" Mtalii wa kisiwa cha Saanane atafanya yote matatu kabla hamjashuka kwenye boti.

La bando nalo nalisikia sana, eti mazoezi haya ni ya wenye hela. Simu nyingi za Android hukuruhusu kupakua lugha ya kuandika kwa sauti ikakaa ndani ya simu. Ipakue mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini, kisha zima data ujaribu. Ikigoma kuandika, ujue haikupakuliwa yote.